Kadi ya Kijani ya Kaka Yangu

Kwa msomaji anayenikuta leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, nanuka pombe kuanzia asubuhi, na mpaka hapa nilipofika nimepoteza mke, kazi ya ualimu na meno mawili ya mbele. Hayo nimeshayasimulia. Wiki iliyopita niliishia pale kaka yangu, mwalimu mkuu wa shule ileile iliyonifukuza, aliponitafutia kazi kwenye mradi wa afya, nami nikaapa mbele yake kwamba chupa na mimi basi. Niliacha kwa siku tisa.

Wapo walionitumia pole kupitia gazeti. Nawashukuru, lakini ziwekeni kwanza hizo pole mpaka mmalize ya leo.

Mradi wenyewe ulikuwa wa hospitali yetu. Walitaka kujua unywaji wa watu unavyohusiana na vifo vyao: nani anakunywa, kiasi gani, siku ngapi kwa wiki, peke yake au na wenzake, kisha kila mwaka tunarudi kuangalia nani yupo na nani kazikwa. Sisi wadodosaji tulipita nyumba kwa nyumba na mafomu. Mtu akionekana anakunywa kupita kiasi, faili lake la hospitali linabandikwa kadi nyekundu, na baada ya wiki chache anapata barua ya kuitwa kupimwa. Barua haisemi sababu, na hata mke hawezi kujua. Asiyekunywa anapata kadi ya kijani na hasumbuliwi.

Sasa sikilizeni ujanja wa kazi ile. Swali la ishirini na mbili liliuliza kama mtu amekunywa kileo chochote ndani ya mwaka mmoja. Akijibu ndiyo, unafungua kurasa sita za maswali. Akijibu hapana, unaruka moja kwa moja mpaka swali la arobaini na moja, usingizi na mazoezi, mmemaliza, asante mama, kwaheri baba.

Kurasa sita, na mimi saa tano asubuhi koo linawasha, na kuna kilabu nyuma ya gereji ambako stuli yangu inanisubiri. Mnadhani niliandika nini?

Niliandika hapana. Nikaandika hapana kwa mafundi, kwa walinzi, kwa mzee aliyenifungulia mlango huku anayumba na kunitapikia kiatu. Nilikipangusa kiatu kwa gazeti, nikaweka tiki kwenye hapana, nikamuuliza kama anafanya mazoezi. Wenzangu wakanibandika jina la Kalamu kwa jinsi nilivyokuwa nakamilisha fomu haraka. Nilijivunia jina hilo, na leo likitajwa natamani kunawa mikono.

Miaka miwili ikapita hivyo. Jumatatu moja tukaitwa kwenye kikao. Aliyekiendesha alikuwa mama mmoja wa hesabu za mradi, tuliyemwita Mama Takwimu, mtu wa sauti ya chini asiyependa mzaha. Akaweka michoro ukutani na kueleza kwamba kila eneo linaonyesha kitu kilekile: wanaokunywa sana wanakufa mapema kuliko wenzao, na wale wanaokunywa mpaka kuanguka kwa siku moja hawako salama hata kama siku nyingine zote hawagusi kitu. Kisha akafika kwenye eneo langu, akavua miwani.

"Kwako peke yako," akasema, "wasiokunywa ndio wanaokufa. Kalamu, watu wa eneo lako wana nini?"

"Labda maji," nikajibu.

Chumba kizima kilicheka. Mama Takwimu hakucheka. Akasema Alhamisi fomu zangu zote zitarudiwa na mtu mwingine, nyumba kwa nyumba. Nikawa nahesabu siku nilizobakiwa nazo kwenye kazi ile, simu ikaita. Alikuwa shemeji yangu, mke wa kaka.

Kaka alikuwa ameanguka kwenye ngazi za shule Ijumaa na kuvunjika mguu, akalazwa. Hilo nilikuwa nalijua, ingawa sikuwa nimekwenda kumwona, maana Jumamosi na Jumapili zangu mnazijua. Sasa shemeji akasema hali imebadilika, mgonjwa anatetemeka, anaongea na watu wasiokuwepo, na asubuhi hiyo amepata degedege la mtu mzima. Kisha akashusha sauti.

"Daktari anauliza mambo ya pombe. Nimemwambia hajawahi hata kuonja. Njoo, na wewe ukiulizwa useme ulichoandika."

Nikamwambia nakuja.

"Shemeji, sijawahi kukwambia," akaongeza. "Ile hapana uliyomwandikia kaka yako, niliijua kwa kadi ya kijani kwenye faili lake, siku zote nimekushukuru moyoni. Ulimstiri."

Nilikata simu, nikatoka kwenye kikao bila kuaga.

Wodini nilimkuta kaka amefungwa mikono kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda. Mwalimu mkuu, mtu wa kunyoosha tai mbele ya kioo mara tatu kabla ya kutoka, amelowa jasho na mkojo, ndevu zimeota ovyo, anaparura shuka kwa vidole akisema wadudu wanapanda. Aliniangalia akaniita kwa jina la baba yetu, aliyekufa zamani. Shemeji alikuwa pembeni na kikapu chake magotini, kilemba kimekaa sawasawa, anasalimia kila anayepita kana kwamba yuko sebuleni kwake.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alitueleza kwa kifupi. Anavyoona yeye, mgonjwa alipoanguka alipigiza kichwa, na huenda damu inavuja ndani. Kipimo cha kuthibitisha hakipo hapa. Saa tisa gari la wagonjwa litampeleka hospitali kubwa, mwendo wa saa saba. Shemeji akauliza kama atafika. Daktari akasema hawezi kuahidi, kwa degedege lile njia ni ndefu.

Wakati ule ilikuwa saa saba na nusu.

Nilitoka kwenda kuvuta hewa. Kwenye korido nikamkuta nesi mkuu wa wodi, mama mtu mzima wa viatu vya kitambaa, anakunja mashuka. Akaniuliza mimi ni nani wa yule mwalimu. Nikamwambia mdogo wake. Akaendelea kukunja.

"Nimekaa wodi hii miaka ishirini na sita," akasema. "Yule hana damu kichwani. Yule ni mtu wa kila siku aliyekatiwa chupa ghafla. Siku ya kwanza wanatetemeka, siku ya tatu wanaona wadudu, na usipowawahi kwa dawa unawafunika shuka."

Nikamuuliza kwa nini hajamwambia daktari.

"Nimemwambia. Kafungua faili, kaona kadi ya kijani. Mradi wa hospitali yenyewe umeandika hanywi. Mke anasema hanywi. Mimi nani?"

Akabeba mashuka yake akaenda.

Hapa ndipo nawaomba mnisogelee, kwa sababu sehemu hii sijawahi kumwambia mtu, na hata kuiandika mkono unakataa.

Shemeji anadhani nilimwandikia kaka hapana ili kumstiri. Daktari anadhani fomu ni ya kweli. Wewe msomaji labda unadhani kaka alinidanganya kama walivyonidanganya wengine. Hapana. Kaka yangu alisema kweli.

Miaka miwili nyuma nilipofika kwake na fomu, alimtuma shemeji dukani, akafunga mlango wa sebule, akakaa mbele yangu na mikono katikati ya magoti. Akaniambia leo nisimuulize kama ndugu, nimuulize kama fomu inavyosema. Nikasoma swali la ishirini na mbili. Akajibu ndiyo. Akasema anakunywa kila siku, kabla ya mswaki, na ile chupa ya chai ya bluu anayokwenda nayo ofisini haijawahi kuona chai kwa miaka. Alikuwa amejaribu kuacha peke yake mara mbili, mikono ikamkataa, akaogopa. Kwenda mwenyewe hospitali hawezi, mji wote ni wanafunzi wake na wazazi wa wanafunzi wake. Lakini amesikia habari za kadi nyekundu, kwamba unaitwa kwa barua kama mtu yeyote na hakuna anayejua.

"Niandikie hiyo, mdogo wangu," akasema. "Nimechoka kunuka."

Machozi yalikuwa yanamtoka, mtu aliyekuwa ananichapa nilipokuwa darasa la tatu kwa kulia ovyo.

Na mimi? Mimi nilitazama saa ya ukutani. Saa tano na dakika kumi. Nilizitazama zile kurasa sita, nikasikia koo linawasha. Nikamwambia, kaka, nimekuelewa yote, majibu nimeyakariri, nitakwenda kuyajaza ofisini kwa utulivu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kwa shukrani. Nilikwenda moja kwa moja kilabuni. Mezani pale, pembeni ya glasi, fomu ikiwa imeshalowa kona moja, nikaweka tiki kwenye hapana na kuruka mpaka swali la arobaini na moja. Nilijiambia kesho nitaitengeneza. Kesho yake nilikuwa nazimua, na ya keshokutwa mnaweza kukisia.

Alikuwa akinipigia. Barua vipi? Namwambia foleni ni ndefu. Mwezi mwingine, barua vipi? Namwambia wanaanza na mitaa ya chini. Baada ya mwaka hakuuliza tena.

Basi nikasimama kwenye korido ile na mambo mawili mkononi. Nikisema, kaka anapata dawa sahihi kabla gari halijaondoka, nami ninafukuzwa kazi leo badala ya Alhamisi, na huenda nikashitakiwa. Nisiposema, kaka anapakiwa saa tisa akafie njiani na kadi ya kijani kwenye faili lake. Mtu mwenye utu angehitaji kufikiri?

Mimi nilihitaji kinywaji kwanza. Niliingia choo cha wageni, nikafunga mlango, nikatoa chupa bapa iliyokuwa kwenye soksi. Sakafu ilikuwa na maji ya watu na pamba zilizotumika. Nilikunywa nikiwa nimesimama juu yake, nikapaliwa, nyingine ikanitokea puani, nikaiokoa kwa kiganja na kuilamba. Niliilamba, ndugu msomaji, chooni, kaka yangu amefungwa kitandani mita ishirini kutoka pale. Kisha nikatafuna pipi tatu za mnanaa, nikaenda kwa daktari.

Nikamwambia mgonjwa anakunywa, kila siku, kwa miaka mingi. Daktari akarudi nyuma hatua moja. Pipi hazikuwa zimefanya kazi. Akamwita shemeji, akamuuliza kwa upole kama ninalosema ni kweli.

Shemeji hakupandisha sauti.

"Huyu ni mdogo wake, daktari. Nusa mwenyewe. Mtu wa namna hii anataka kila mtu awe kama yeye."

Nikamwambia shemeji, kaka anakufa. Akanijibu kwamba mumewe amejenga jina kwa miaka thelathini, watoto wake wanasoma shule ileile, na hatamruhusu mlevi amvue nguo mbele ya watu akiwa hajitambui. Daktari akatazama saa. Akaniomba niondoke, nirudi nikiwa na akili zangu. Mlinzi wa mlangoni akaanza kusogea.

Nikasema, "Hiyo fomu nimeijaza mimi. Mdodosaji namba kumi na saba. Ni ya uongo."

Daktari akafungua faili. Namba ilikuwa pale, na sahihi yangu pale chini. Akanipa kalamu na karatasi tupu, akasema weka sahihi. Niliweka. Mkono ulikuwa uleule. Akazilinganisha, akazilinganisha tena, kisha akamwita nesi mkuu kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia, akataja dawa na kiasi chake. Nesi alikuwa ameshaitayarisha. Sindano iliingia saa nane na dakika ishirini. Gari likaambiwa lisubiri.

Laiti ningenyamaza hapo.

Daktari, huku anaandika, akasema kwa hasira kwamba haya yote yasingetokea. Kama mgonjwa angepewa kadi nyekundu yake, angeitwa kimyakimya, angeshushwa taratibu kwa dawa, na mpaka leo angekuwa mtu mwingine. Shemeji akamtazama. Habari za barua zisizosema sababu alikuwa hajawahi kuzisikia.

"Kulikuwa na njia ya kumtibu bila watu kujua?" akauliza.

Daktari akasema ndiyo, miaka miwili yote.

Shemeji akanigeukia. "Kaka yako alijua hilo? Siku ile ulipokuja nyumbani?"

Macho yake hayakuwa na ukali tena. Yalikuwa yanataka jibu tu. Na daktari alikuwa ameinua kalamu ananingoja, na mimi nilikuwa na ile chupa tumboni inanipa maneno.

"Alijua," nikasema. "Nilimweleza kila kitu. Alikataa. Akaniomba niandike hapana."

Nilisikia maneno yakitoka, nikayaacha yatoke. Daktari akayaandika.

Shemeji alirudi kukaa, kikapu magotini. Kisha akaanza kuongea, taratibu, akitazama kikapu chake. Alisema ameiosha chupa ile ya bluu kila jioni kwa miaka kumi na miwili ili watoto wasiinuse. Amefua mashuka saa kumi na moja alfajiri, amesema uongo kwa wazazi, kwa walimu, kwa mama yake mzazi, na leo nusura amuue mume kwa uongo uleule. Yote alidhani anafanya kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Kumbe njia ilikuwepo, na mwenye ugonjwa aliisukuma kwa mkono wake mwenyewe.

"Basi akae nayo," akasema.

Akasimama. Akavua pete, hakuitupa, akaifunga kwenye ncha ya leso na kuitia ndani ya kikapu. Akamwambia nesi kwamba nguo safi za mgonjwa ziko kabatini na watoto watakuja kumwona wakipenda. Nilipaswa kumkimbilia. Miguu yangu ilikuwa mizima kabisa, mnielewe, sikuwa nimelewa kiasi hicho. Nilibaki nimesimama, na sehemu fulani ndani yangu ilikuwa inapata nafuu kwamba lawama imepata mwenyewe.

Alikuwa amefika karibu na mlango wa wodi kaka alipokohoa.

Dawa ilikuwa imeingia. Vidole vilikuwa vimeacha kuparura shuka. Aligeuza kichwa polepole, akamwona daktari, akamwona nesi, akaniona mimi, na safari hii hakuniita kwa jina la baba.

"Mdogo wangu," akasema. Midomo ilikuwa imepasuka, lakini sauti ilitoka safi, ile ya kuita wanafunzi mstarini. "Nimefika? Ndipo hapa waliponiita?"

Nikamwambia apumzike, asiongee.

"Barua imekuja, eh? Ile ya kadi nyekundu." Akajaribu kutabasamu. "Nilidhani hukuandika yale niliyokwambia. Nisamehe, mdogo wangu. Nilianza kukufikiria vibaya."

Kalamu ya daktari ilisimama juu ya karatasi. Nesi mkuu aliacha kufungua bandeji za mikono.

Nilitazama mlango, nikipima hatua. Shemeji alikuwa bado amesimama pale, uso ameugeuzia kwetu, na kikapu ameshakiweka chini.